Kuni Zilitoka Wapi? Kisa cha Safari Moja ya Uvinza

"Mwanangu, hizo kuni zilitoka wapi?"

Aliyeuliza ni mama mmoja, muuguzi mstaafu, tukiwa tumesimama karibu na Mto Ruchugi kule Uvinza, mkoani Kigoma, mwezi wa sita, jua la saa saba likiwa utosini. Nilikuwa nimeongea dakika ishirini bila kumeza mate. Burton na Speke, wale wasafiri Waingereza wa karne ya 19, nilishawamaliza, Wajerumani na reli yao nilishawamaliza, na hapo nilikuwa naeleza jinsi watu wa kale walivyochemsha maji ya chemchemi kwenye vyungu mpaka yakakauka ikabaki chumvi. Nikamjibu, "Zilitoka porini, mama." Akageuka kushoto, akageuka kulia. "Pori gani? Maana mimi nyumbani nachemsha maharage tu, na gunia la mkaa haliishi mwezi."

Wageni wakacheka. Mimi nikaangalia mto.

Sehemu ya kwanza ya kisa hiki nimeiandika kama tulivyoijadili sisi wanne siku mbili baadaye, barazani kwa mwenzetu Ujiji, kahawa na kashata katikati. Tunatembeza wageni. Kazi yetu ya kila siku inajulikana: makumbusho ya Ujiji pale Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871, soko, mwalo wa Kibirizi, stesheni ya mwisho wa reli, na hadithi ya meli ya Liemba iliyoletwa na Wajerumani vipande vipande ikaunganishwa hapa hapa Kigoma. Mgeni wa kutoka nje akimaliza hayo hupanda boti kwenda Gombe au Mahale kuwaona sokwe. Mgeni wa ndani mara nyingi gharama ya boti humshinda, naye huuliza swali ambalo tumelisikia mpaka tumelizoea: hakuna kitu kingine cha kwenda asubuhi na kurudi jioni?

Wazo la Uvinza lilitokana na simu. Mwenzetu mmoja aliona picha za Wieliczka, mgodi wa chumvi wa Poland ulioanza kuchimbwa karne ya 13 na kuacha uzalishaji wa biashara mwaka 1996. Leo watu zaidi ya milioni moja kwa mwaka wanalipa kushuka humo, hadi mita 135 chini ya ardhi, kutembea kwenye korido za chumvi na kusimama ndani ya kanisa lililochongwa lote kwenye chumvi, mpaka taa zake za kuning'inia. Tangu mwaka 1978 umo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia. Mwenzetu akapiga hesabu ya haraka: wao karne ya 13, sisi chumvi ya Uvinza ina miaka 1,500 hivi, na ni kilomita kama 100 tu kutoka mjini, lami tupu. Tunangoja nini?

Hesabu ile ilikuwa na kosa ndani yake, na hakuna aliyeliona. Nitalieleza baadaye, kwa sababu ndilo lililozaa mengine yote.

Tukatangaza. Wakajiandikisha watu 17: walimu wa sekondari, wanachuo wawili, familia moja iliyokuja Kigoma kutoka Tabora kusalimia ndugu, na yule mama muuguzi na mpwa wake. Kila mtu shilingi 35,000, usafiri na chakula cha mchana humo humo. Kwenye tangazo tuliandika kwamba wageni "watashuhudia chumvi ikitengenezwa". Yakumbuke maneno hayo.

Kosta ilitoka mjini saa moja na nusu, saa nne kasoro tuko Uvinza, tukaenda moja kwa moja kwenye geti la sehemu inakozalishwa chumvi leo. Mlinzi alikuwa kijana mpole. Akatuamkia wote, akauliza, "Mna barua?" Hatukuwa na barua. Tulikuwa na vile vineno vyetu vya kila siku, sisi ni wenyeji bwana, tumekuja na walimu, dakika kumi tu. Akasikiliza hadi mwisho, kisha akasema hawezi. Tukajaribu kupiga simu kwa mtu anayemjua mtu. Saa nzima ikapotea pale, watoto wa familia ya Tabora wakiwa wameanza kulia njaa, na mwisho tukageuza gari.

Kwenye baraza mmoja wetu alianza kumlaumu mlinzi. Sikukubali. Pale ni mahali pa kazi, pana mitambo na mabwawa ya maji makali ya chumvi, na sisi tulifika na watoto bila taarifa. Kama kuna aliyewadanganya wageni ni sisi tulioandika "watashuhudia" kabla hatujaomba kushuhudia. Ningekuwa mimi getini ningewarudisha vilevile, tena bila upole.

Tukaenda mtoni. Na hapa niseme kidogo kuhusu mahali penyewe, maana pasipoeleweka, kisa hakieleweki.

Uvinza ni nchi ya Wavinza, na tangu mwaka 2012 ni jina la wilaya. Karibu na pale Ruchugi unapokwenda kukutana na Malagarasi kuna chemchemi za maji ya chumvi. Wanaakiolojia waliochimba pale miaka ya 1960 walikuta ushahidi kwamba watu walikuwa wakichemsha maji hayo tangu katikati ya milenia ya kwanza, yaani kabla hata Ujiji haijawa Ujiji. Kazi ilifanywa kiangazi, mavuno yakishaingia ghalani. Watu walikuja kutoka mbali, wakapiga kambi, wakachemsha, watawala wa Wavinza wakachukua ushuru wao, na chumvi ikasafiri: Unyamwezi, Uha, Burundi, na kuvuka Ziwa Tanganyika. Burton na Speke walipopita wakielekea Ujiji mwaka 1858 waliikuta biashara hiyo imekomaa. Mwanzoni mwa miaka ya 1900 kampuni ya Kijerumani ikajenga kiwanda, mahali pakapewa jina la Gottorp kwenye ramani zao. Reli ya kati ikafika Kigoma mwaka 1914 ikipitia hapo hapo, na chumvi inaendelea kutoka Uvinza mpaka leo.

Hayo ndiyo niliyowaeleza wageni, ila mimi nilitia chumvi. Nilisema chumvi ya Uvinza ilikuwa ndiyo pesa ya nchi nzima hii. Mwalimu wa historia akainua mkono taratibu, kama mwanafunzi. "Samahani mwongozaji, soko la Ujiji si lilikuwa linatumia shanga?" Alikuwa sahihi. Katika karne ya 19 soko la Ujiji lilikuwa na shanga zake zilizoitwa sofi, vipande vidogo mfano wa vipande vya kiko kilichovunjika, na hizo ndizo zilizokuwa zikihesabiwa. Chumvi ilikuwa bidhaa, na bidhaa kubwa, lakini hiyo si sababu ya kuipachika cheo kisicho chake. Nikasema asante mwalimu, nikaendelea na uso wa mbuzi. Ndipo mama akauliza la kuni.

Jambo la tatu lilitokea ndani ya gari. Tumeondoka kama dakika kumi, mama muuguzi akamwambia mpwa wake, kwa sauti ya kusikika kosta nzima, "Kitoe." Kijana akatoa mfukoni kigae cha chungu, kimekwaruzwa mistari kwenye ukingo, ukubwa wa kiganja cha mtoto. Alikiokota kule mtoni. Hakuwa na nia mbaya, alitaka ukumbusho, na sisi hatukuwa tumemkataza mtu yeyote kuokota chochote. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863, na wala si lazima kiwe kitu cha kung'aa. Tukabishana: turudi tukakiweke, au tusonge? Tulirudi. Wengine walinung'unika. Tulipofika kijana hakukumbuka alikiokota wapi hasa, huku au kule kwenye kichaka, na hapo nikaelewa kwa nini jambo hili ni zito kuliko linavyoonekana. Kigae kikishang'oka mahali pake kimepoteza nusu ya maneno yake. Mchimbaji husoma kigae pamoja na udongo uliokifunika na mkaa uliolala kando yake, na ni mkaa huo unaopimwa kaboni kujua umri. Chetu kikawa kigae tu. Tulikitia kwenye bahasha, tukaandika tarehe na maelezo ya eneo kadiri tulivyoweza, na kesho yake tukamkabidhi afisa utamaduni.

Kurudi mjini hakuna aliyeimba. Kwa mtu wa kazi hii, kosta isiyoimba ni ripoti tosha.

Sasa, tulikosea wapi? Barazani kila mtu alikuja na kosa lake. Mmoja barua, mmoja tangazo, mmoja sheria ya kuokota. Yote kweli, na yote yanarekebishika kwa karatasi moja na tangazo la dakika mbili kabla ya kushuka kwenye gari. Yangeweza kurekebishwa yote na safari bado ikachosha. Mimi nilikuwa nimekwama kwenye swali la mama, na kadiri nilivyolitafuna ndivyo nilivyoona kwamba ndilo lililofichua kosa la kwanza, lile la simu na picha za Wieliczka.

Chumvi ya Wieliczka ni mwamba. Ukichimba mwamba unaacha shimo, na shimo likiwa kubwa linakuwa ukumbi, mgeni anaingia, anaangalia juu, anasema "lo!" Mwongozaji hana haja ya maneno mengi. Chumvi ya Uvinza ni maji. Ukichemsha maji hakuna ukumbi unaobaki. Yanabaki majivu, mkaa na vigae, vitu ambavyo kila mtu anavyo nyuma ya jiko lake. Kwa hiyo tuliwachukua watu 17 kwenda kuangalia mahali ambapo kwa macho hapana kitu, tukaziba pengo kwa majina ya Wazungu waliopita njia. Burton alipita akaenda zake. Waliokaa kiangazi kizima wakipuliza moto hatukusema hata neno juu yao, mpaka mwenzao akawaulizia. Naye mama alijua kuuliza kwa sababu ndiye pekee kati yetu ambaye amepuliza moto miaka arobaini.

Ndugu wa Uvinza huko Ulaya ni kazi za chumvi za Ufaransa. Mji wa Salins ulikuwa na maji ya chumvi chini ya ardhi, wakayachemsha kwa kuni karne na karne hadi misitu ya karibu ikachakaa. Katika karne ya 18 msanifu Claude-Nicolas Ledoux akajenga kiwanda kipya Arc-et-Senans, kati ya 1775 na 1779, na hakukijenga kwenye maji. Alikijenga karibu na msitu wa Chaux, maji yakaletwa kwa mabomba ya magogo yaliyotobolewa, kilomita 21. Hoja yake ilikuwa kwamba ni rahisi kuyasafirisha maji kuliko kuusafirisha msitu. Kiwanda hicho kilifungwa mwaka 1895, kikaingia Urithi wa Dunia mwaka 1982, na leo watu wanakwenda kukiangalia. Ledoux alikuwa anajibu swali lile lile la mama yetu.

Tukaamua kulijibu kwa mikono kabla ya kupeleka mtu mwingine yeyote Uvinza. Uani Ujiji tukapanga mafiga matatu. Chungu kipya cha sokoni. Lita tano za maji, tukakorogea kilo moja ya chumvi, kisha tukapima kilo kumi za kuni kwenye mizani tuliyoazima kwa muuza dagaa, ambaye alitaka kujua tunapika nini na alipoambiwa akaondoka akitikisa kichwa.

Tuliwasha saa tatu asubuhi. Saa ya kwanza ni furaha, mnapiga stori. Saa ya pili moshi unaanza kukuchagua wewe tu kati ya watu wote. Saa ya tatu nikagundua kwamba moto wa chumvi hauachwi. Wa maharage unaweza kuupunguza ukaenda dukani, lakini huu ukilegea maji yanapoa na unalipa kuni upya kuyarudisha pale pale. Ilipokaribia saa sita chungu kikaanza kutoa jasho. Maji ya chumvi yalikuwa yanapenya kwenye udongo wa ukuta wake, yakifika nje yanakauka na kuacha weupe kama upupu wa ukuta wa nyumba ya zamani. Chumvi ile ikiganda ndani ya vitundu vya udongo inatanuka na kuusukuma. Saa saba na kitu tukasikia "ta!" Ufa kutoka mdomoni hadi tumboni, maji yakamwagikia motoni, mvuke, vikohozi, mtoto wa jirani akishangilia. Kilichobaki tukakimimina kwenye sufuria tukamalizia humo, huku chumvi ikiruka "pa, pa" na kutuchoma mikono.

Matokeo: kuni kilo nane zimeliwa, chumvi imerudi robo tatu ya kilo hivi, na chungu kimekufa. Chumvi ambayo bei yake dukani haifiki nauli ya bajaji. Watu wa Uvinza walikuwa mafundi na sisi ni wababaishaji, kwa hiyo hesabu yetu si yao. Lakini mwelekeo ni huo huo: kila lita inayogeuka mvuke inadai kuni zake, fundi au si fundi. Ndiyo maana chemchemi kali kama za Uvinza zilikuwa mali. Maji ya bahari yana gramu kama 35 tu za chumvi kwa lita, ukitaka kilo moja unakausha lita karibu 29, na hakuna mwenye akili atakayezikausha zote kwa kuni. Watu wa Pwani, Bagamoyo, Lindi, Mtwara, wanayatandaza mabwawani na kuliachia jua. Jua halikatwi wala halibebwi kichwani.

Na jambo jingine tulilotoka nalo uani ni vigae. Mpaka siku ile nilikuwa nadhani vigae vilivyotapakaa kule mtoni ni vyungu vilivyoanguka, bahati mbaya za watu wengi kwa miaka mingi. Chungu cha chumvi hakihitaji kuangushwa. Kinauawa na kazi yenyewe, kimoja baada ya kingine, kiangazi baada ya kiangazi. Mwenzetu akaruka: hili ndilo la kuwaambia wageni! Nikasema hapana, hatutawaambia. Tukabishana sana kuliko hata kuhusu kigae. Mwishowe wakanikubalia kwa shingo upande: tutawasha moto mbele yao, na midomo tutaifunga.

Safari ya pili ilikuwa mwezi wa tisa, watu 11. Kiwanda tulikitoa kabisa kwenye ratiba na kwenye tangazo. Hapo mmoja wetu alihoji: basi tungoje mpaka kazi ya leo ife ndipo tuite kivutio? Nilimpa mfano wa jirani, Ziwa Katwe la Uganda. Kule walijengewa mtambo wa kisasa na Wajerumani, mabomba yakaliwa na kutu ya maji yale ya chumvi na mtambo ukasimama, gofu lake lipo mpaka leo. Watu wakaendelea na vijibwawa vyao vya mkono kama zamani, na mgeni anatembezwa na mwenyeji katikati ya kazi inayoendelea. Kwa hiyo kazi hai inaweza kutembelewa, ila kwa masharti ya wanaoifanya. Masharti ya Uvinza yakipatikana kwa maandishi, tutairudisha kwenye ratiba. Kabla ya hapo hatuahidi.

Tulichofanya ni kwenda mapema kwa serikali ya kijiji, kueleza, kuomba mahali pa kuwasha moto mbali na chemchemi na mbali na vigae, na kuomba mtu wa kutembea nasi. Wakatupa mzee mmoja mfuga nyuki. Tulipomwamkia na kumwambia habari ya chumvi ya kale alituangalia kwa huruma. "Hiyo sikuikuta, wanangu. Mimi kuni nazijua." Tungemtafuta mtu wa namna hiyo kwa tochi tusingempata.

Aliwatembeza wageni msituni kwa muda wa karibu saa mbili. Huu ni msitu wa miombo, ule ule unaoendelea hadi Tabora na kwingineko. Akawaonyesha myombo ambao gome lake linavuliwa kutengeneza mzinga, mti uliokufa ukiwa umesimama na ule uliokufa kwa kulala, na kwa nini wa kwanza ndio kuni na wa pili ni nyumba ya mchwa. Akagonga shina kwa mpini wa shoka wasikilize. Hakukata mti hata mmoja. Kisha akafanya kitu ambacho hatukukipanga: akamfungia kila mtu mzigo wake wa kuni, mdogo mdogo, akasema tunarudi. Ni mwendo wa kama robo saa. Mwalimu wa historia, ambaye alirudi tena na nilifurahi kumwona, alitua mzigo mara tatu. Kwa mara ya kwanza sikuona mtu akitazama simu.

Mama muuguzi naye alikuwepo. Tulimwambia aje bure, maana safari hii ni ya swali lake. Akakataa. Akalipa nusu, akasema nusu nyingine ni ada ya ushauri.

Moto ukawashwa saa tano. Katika zile saa za kungoja ndimo nilimoeleza yale ya mwezi wa sita, ila kwa mpangilio mwingine na bila kutia chumvi: kiangazi na mavuno, ushuru wa watawala, njia za biashara, shanga za sofi na mahali chumvi ilipokaa. Habari za Ledoux na mabomba yake niliziingiza mtu alipouliza kwa nini wasingebeba maji kuyapeleka kuliko kuni. Burton alipata sentensi moja. Wengi waliongea wao kwa wao, mmoja akichochea, mwingine akizuia moshi kwa kanga. Mama aliwakemea vijana wawili waliokuwa wanajaza kuni mafigani kama wanashindilia gunia.

Saa nane chungu kilikuwa cheupe nje. Watoto wakawa wanakwangua weupe ule kwa kucha na kulamba, wanakunja nyuso, wanarudia. Mwenzangu alinitazama, najua alikuwa anatamani kueleza. Nikamkazia macho.

"Ta!"

Maji yakamwagika, moto ukafoka, watu wakaruka nyuma. Kimya kidogo. Mama akasogea, akakiinamia kile chungu kilichopasuka, akakishika ukingo kwa kanga asiungue. Akatazama upande wa mtoni. "Ahaa," akasema, si kwangu, kwa mpwa wake. "Basi ndiyo maana vimejaa kule."

Mwalimu wa historia akatoa daftari.

Chungu kilipopoa kiligawanyika vipande vitano. Yule kijana alizunguka karibu navyo kwa muda, mikono nyuma, kisha akanijia. "Kaka, na hivi navyo haviruhusiwi?"

Nilimwambia hicho tulikinunua sokoni Ujiji Jumanne, achague anachokitaka. Akachukua cha ukingoni.